Operesheni ya kiuno imepona, mbona sasa bega na mgongo wa juu?

Pole sana dada. Nimesoma maelezo yako yote: ulipasuliwa kiuno, ukafungwa vyuma kwenye L4 na L5, yaani pingili mbili za chini za kiuno, ganzi na ule moto wa mguuni vikaisha, na sasa, mwezi wa nne tangu operesheni, maumivu mengine kabisa yamezuka katikati ya mabega na kwenye bega la kulia. Usiku hulali kwa kuwaza kwamba skrubu imechomoka. Mimi si daktari, ni fundi cherehani. Nina vyuma pale pale ulipo navyo wewe, na hilo bega nimeishi nalo.

Nianze na skrubu maana ndiyo inayokunyima usingizi. Hizo za L4 na L5 ziko chini, karibu na usawa wa mkanda wa suruali. Skrubu ikilegea, kwa kawaida mtu anaumia hapo hapo kiunoni, au maumivu yanarudi matakoni na miguuni, tena yanazidi akisimama au akijigeuza. Hayapandi begani. Mishipa ya fahamu inayokwenda begani na mkononi inatokea shingoni, ya kiunoni inashuka miguuni. Eksirei ya kiuno utapiga kwenye kliniki yako kama ulivyopangiwa, usiiruke, ndiyo inayoonyesha vyuma vimekaaje na mfupa unaunga vipi. Ila bega lako lina kesi yake.

Aliyepasuliwa shingo asisome haya akajifariji nayo. Kwake mkono ukianza kugoma kunyanyuka siku au wiki chache baada ya operesheni, arudi haraka kwa daktari aliyempasua, kwa sababu mshipa wa fahamu wa shingoni unaoitwa C5, unaosaidia kunyanyua mkono, unaweza kuwa umeathirika.

Na kuna maumivu ya bega ambayo hayana uhusiano na misuli. Bega likiuma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukata, usisubiri kupambazuke, nenda hospitali. Vivyo hivyo ukiona shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, limevimba na linauma halafu pumzi inakuwa fupi, maana baada ya operesheni damu inaweza kuganda mguuni ikasafiri hadi mapafuni. Bega la kulia linalouma baada ya kula vyakula vya mafuta, pamoja na chini ya mbavu za kulia, linaweza kuwa ni kifuko cha nyongo. Kwa upande wa mgongo wenyewe unayajua, lakini nayarudia: homa, kidonda kutoa majimaji au usaha, mguu kulegea, mkojo kugoma au kutoka bila taarifa, ganzi sehemu za siri. Hayo ni ya kwenda siku hiyo hiyo. Kichwa kinachouma vibaya ukikaa na kutulia ukilala, nacho mwambie daktari mapema.

Kama hayo yote huna, njoo sasa kwenye yale yaliyonikuta.

Mimi kliniki nilikuwa naambiwa "vyuma viko sawa", basi, anaitwa mwingine. Sikatai, foleni ilikuwa hadi nje, na picha kweli ilikuwa nzuri. Lakini bega halionekani kwenye picha ya kiuno. Aliyelipatia dawa ni dada mmoja wa fiziotherapia, na hakuanza kwa kunigusa. Alisema, "Inuka kwenye kiti, halafu ukae." Nikainuka, nikakaa. Akasema tena. Mara nyingine akaniuliza, "Mkono wa kulia uko wapi?" Nikauangalia. Kiganja kimeng'ang'ania ukingo wa meza, kiwiko kimekakamaa, bega limepanda karibu liguse sikio. Mwili mzima ulikuwa unapandishwa na mkono ule. Ndipo akanibonyeza kwa dole gumba kwenye kona ya juu ya bapa la bega, nikaruka.

Jihesabie mwenyewe: kuinuka kitandani, kutoka chooni, kushuka bajaji, kuinuka sofani, mkono ni huo huo. Wiki za kulala baada ya operesheni zimelegeza mapaja na matako, na hofu ya kukunja kiuno imefanya kila kitu kivutwe kwa mikono. Ongeza kulalia ubavu mmoja kila usiku, mkono umekandamizwa chini. Ongeza simu kitandani, shingo imekunjwa saa nzima. Ongeza pumzi: mtu mwenye woga wa maumivu anapumua juu juu, mabega yakiwa yamepanda, na kila pumzi inaichosha misuli ya shingo. Kwenye meza ya upasuaji penyewe tunalazwa kifudifudi mikono ikiwa mbele kwa saa kadhaa, wengi wanaamka na mabega yanauma, ila hayo mara nyingi hupoa mapema. Yako yameanza baadaye, ndiyo maana mimi naushuku mkono unaobeba mgongo.

Namna ya kuinuka niliyofundishwa ni hii. Sogea hadi ukingoni mwa kiti, rudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, inamisha kifua mbele kwa kukunja nyonga huku kiuno kimenyooka, halafu sukuma sakafu kwa miguu. Mikono iweke mapajani, isivute kitu. Mwanzoni utashindwa kwenye kiti kifupi, kwa hiyo tia mto mgumu juu ya kiti kiwe kirefu, na uupunguze kadiri mapaja yanavyopata nguvu. Kwenye kitanda, geuka mabega na nyonga kwa pamoja, shusha miguu, ndipo ujisukume kwa mkono, lakini badilisha ubavu wa kushukia. Leo kulia, kesho kushoto. Hilo peke yake lilinipunguzia sana.

Kulala: mto kati ya magoti wengi wanaujua. Wanaousahau ni mto wa pili, wa kukumbatia kifuani, ili mkono wa juu usianguke mbele na kuvuta bapa la bega usiku kucha.

Kazi za nyumbani ndizo zinazotumaliza wanawake. Jiko la mkaa lipandishe juu ya matofali au meza imara, kigoda kipumzike. Beseni la kufulia liweke juu ya stuli, fua kidogo kidogo, na mashuka apewe mwingine. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kabla hujaihesabu ndoo yenyewe, achana nayo mpaka daktari aruhusu. Ukiruhusiwa vitu vidogo, gawanya maji kwenye vidumu viwili sawa, kimoja kila mkono. Choo cha kuchuchumaa tafuta kiti cha plastiki, fundi akikate tundu katikati. Wengine wanaona aibu. Mimi sikuona.

Bega lenyewe nililifanyia mambo machache tu. Kuyashusha mabega na kuyavuta nyuma taratibu, kushika kwa pumzi chache, kuachia. Kutembeza vidole ukutani kupanda juu hadi pale panapovuta, si pale panapochoma. Na kutembea mikono ikiwa huru, bila pochi begani, kila siku. Kabla hujaanza muulize fizio wako, maana kila daktari ana masharti yake kwa mfupa ambao haujaunga. Chupa ya maji moto iliyozungushiwa kanga inasaidia begani, usiiweke kwenye kovu wala mahali penye ganzi, utajiunguza usijue.

Kuhusu kuchuliwa, mama mkwe wako ana nia njema. Akupake mafuta begani na shingoni kwa mkono mwepesi, sawa. Mgongo usiguswe, na wale wanaonyoosha mpaka mifupa ilie wasikaribie hata mlango.

Dawa: parasetamol kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na kama ini lina shida iwe chini ya hapo. Diklofenaki unayosema unanunua duka la dawa kila wiki, hiyo isimamishe kwanza. Inachoma tumbo, inaumiza figo, inapandisha presha, na baadhi ya madaktari hawaitaki kabisa wakati mfupa unaunga. Uliza aliyekupasua. Zile za mishipa ya fahamu, kama gabapentini au pregabalini, usiziache ghafla eti kwa sababu mguu umepona. Kama nyumbani kuna sigara yako, fahamu kwamba inachelewesha mfupa kuunga.

Lipo jambo moja lisilotibika kwa kubadilisha namna ya kuinuka. Kama mkono unagoma hata mtu mwingine akikunyanyulia, hufikii kufunga sidiria wala kusuka nywele za nyuma, hilo linaweza kuwa bega lililoganda. Linawapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60 na wenye kisukari. Linatibika, ila linachukua muda mrefu, na ukilipumzisha tu linazidi kukaza.

Ukienda kliniki usiseme "mgongo bado unauma". Watakupiga picha ya kiuno na kukurudisha. Sema hili ni bega jipya, lilianza wiki fulani, mkono unafika hapa, na uonyeshe. Halafu omba barua ya kwenda fiziotherapia, usingoje wakupe.

Langu lilichukua miezi kutulia. Januari, sare za shule zinapojaa mezani na nikakaa kwenye cherehani hadi usiku, linanikumbusha. Nikiinuka kila baada ya gauni moja halinisumbui.

Tuambie, dada: mkono wa kulia unafika wapi ukiunyanyua pembeni? Umepima sukari karibuni? Na mkanda wa kiuno, bado unauvaa au walishakuambia uuvue? Kuna wanaoubana mpaka wanashindwa kuvuta pumzi ya chini, wakabaki wanapumua kwa mabega.