Mguu Umepona, Usingizi Hauji: Maswali Yenu Kuhusu Fidia ya Kazini na Daktari wa Akili

Barua nyingi za safari hii zimetoka ukanda wa reli, Kigoma hadi Tabora, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu akiumia akili kazini, nani wa kulithibitisha hilo mbele ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF? Tumezifupisha na kuficha majina.

Mume wangu ni utingo wa lori la mizigo. Mwezi wa tatu lilipinduka mteremkoni njia ya Uvinza, dereva akafia palepale wakiwa wamebanwa pamoja. Yeye alivunjika mguu, Mfuko ukagharamia matibabu, na mguu umepona. Lakini halali. Akisikia breki za gari kubwa anatoka jasho, na ukimtuma stendi anapita njia ya mzunguko. Tajiri anasema mguu umepona, arudi kazini. Jirani ametuambia tutafute mwanasaikolojia "aliyepitishwa na Mfuko". Orodha yao inapatikana wapi? (Mama, Ujiji)

Pole sana, mama. Hilo la orodha liweke pembeni kwanza. Maneno ya "mwanasaikolojia aliyepitishwa" mara nyingi watu wameyasoma kwenye habari za nchi nyingine. Katika jimbo la New South Wales, Australia, kwa mfano, mwanasaikolojia anapaswa kupata kibali cha mamlaka ya huko ndipo atibu watu wa fidia ya kazini. Kwetu mlango ni hospitali na rufaa. Mfuko unataka taarifa ya kitabibu ya daktari aliyesajiliwa, inayotaja ugonjwa na kuufunga na ajali. Ripoti ya mwanasaikolojia inaambatanishwa na kuipa nguvu taarifa hiyo. Ikienda peke yake, mara nyingi inarudi na maswali.

Wapo pia madaktari waliopewa mafunzo na Mfuko kufanya tathmini ya ulemavu. Hao kazi yao inakuja mwishoni, matibabu yakishafika mahali ambapo hali haibadiliki sana, ndipo wanapima asilimia ya ulemavu uliobaki. Ukiwaendea leo, mumeo hajatibiwa, watakurudisha, nawe utakuwa umeshakula nauli.

Sasa mjue nani ni nani. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza, kisha kasomea ubingwa: anataja ugonjwa na anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anapima kwa maswali maalumu na kutibu kwa mazungumzo, dawa haandiki. Mshauri nasaha na afisa ustawi wa jamii wanasaidia sana familia, ila barua yao si uthibitisho wa ugonjwa. Mtaani wapo pia wanaojiita wanasaikolojia kwa cheti cha semina. Usione haya kumuuliza mtu jina lake kamili na namba ya usajili, halafu ulizia Baraza la Madaktari Tanganyika kama daktari huyo yumo kwenye rejesta na leseni yake haijaisha muda. Daktari halisi haoni tabu kuulizwa.

Anzeni pale mguu ulipotibiwa. Kama ni Maweni, rudini na kadi ileile ya zamani, msifungue faili jipya, kwa sababu faili la zamani tayari lina tarehe ya ajali na habari ya dereva aliyekufa. Ombeni kuonwa kwenye kitengo cha afya ya akili. Bingwa asipokuwepo, daktari aliyepo aandike rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Tunajua jina hilo la mwisho linavyowatisha watu; mtaani "kupelekwa Milembe" ni tusi. Kwenda kliniki na kurudi nyumbani si kulazwa, na muhuri wa hospitali ile ni msaada kwa faili, wala haumharibii mtu.

Mkiwa mbele ya daktari, wanaume wengi husema "nimechoka tu" na kunyamaza. Daktari ataandika hivyohivyo: uchovu. Chukua daftari la kurasa chache, na kwa wiki mbili kabla ya kwenda andika kila siku: kaamka saa ngapi, kaota nini, kashindwa kupita wapi, kagombana na nani, kakunywa pombe kiasi gani. Ingia naye chumbani akikubali. Huenda wakatumia dodoso liitwalo PCL-5, lenye maswali 20, kila moja likipewa alama 0 hadi 4, jumla ya juu ikiwa 80. Alama zikifika 31 hadi 33 au kupita hapo ni ishara ya kuchunguza zaidi. Dodoso peke yake halithibitishi ugonjwa. Msijaribu kuongeza chumvi. Mwenye uzoefu anaona mara moja majibu yote yakiwa 4.

Kuna suala la muda linalowachanganya wengi. Ugonjwa wa kiwewe, ule madaktari wanaouandika PTSD, kwa vigezo vinavyotumika sana hauthibitishwi mpaka dalili zipite mwezi mmoja. Siku za mwanzo mshtuko ni jambo la kawaida na watu wengi hupona wenyewe. Kwa hiyo kukosa jina hilo kwenye karatasi za mwezi wa tatu si dosari. Dosari ni karatasi hizo kutotaja kabisa kwamba halali. Kagueni faili: hata mstari mmoja wa muuguzi wodini, "mgonjwa anapiga kelele usiku", una thamani kubwa leo.

Taarifa ya daktari itaje jina la ugonjwa, si "ana msongo wa mawazo", maneno ambayo yanaweza kumaanisha hata madeni. Itaje tarehe ya ajali na alichokishuhudia, dalili na lini zilianza, kwa nini daktari anaona zimetokana na tukio lile wala si jingine, matibabu yanayopangwa, na kazi ambayo kwa sasa hawezi. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. "Asipande magari ya mizigo kwa miezi mitatu, aonwe tena" lina maana kwa mwajiri, "apumzike" halina.

Kisha mwandikieni tajiri barua fupi: ajali ya tarehe fulani, namba ya dai ileile, madhara mengine yamejitokeza, taarifa ya daktari imeambatanishwa. Tengenezeni nakala mbili, moja agonge muhuri na kuandika tarehe ya kupokea. Akikataa kupokea, pelekeni kwa afisa kazi wa mkoa au ofisi ya Mfuko iliyo jirani. Karatasi za ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, zisiachiane hata siku moja: ya kwanza ikiisha Ijumaa, inayofuata ianze Jumamosi. Malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Anayelipwa 400,000 atapata 280,000, na pengo la siku kumi kwenye ED ni pengo la hela.

Matibabu yenyewe msiyakatishe. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe huchukua mara nyingi vikao 8 hadi 12. Dawa kama sertraline zinahitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, na wengi huziacha siku ya tano wakisema hazifanyi kazi. Diazepam pekee si tiba ya ugonjwa huu. Inaleta usingizi na mazoea. Na akianza kusema heri angekufa yeye badala ya dereva, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Nalinda duka la jumla Tabora mjini. Majambazi walinifunga kamba na kuniwekea panga shingoni mpaka karibu alfajiri. Sikukatwa hata ngozi. Kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, daktari kaandika "hana jeraha". Tangu hapo siwezi lindo la usiku. Nina dai kweli? (Mlinzi, Tabora)

Unaweza kuwa nalo. Shirika la Kazi Duniani liliuweka ugonjwa wa kiwewe katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi mwaka 2010, na jeraha la mwili si sharti la kuugua. Kinachotakiwa ni tukio lenye tarehe, lililotokea ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi, na ugonjwa uliothibitishwa. Tukio unalo, tena lenye namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa uliyotoa polisi. PF3 inasema hali ya mwili wako asubuhi ile, nayo ni kweli. Nenda sasa Kitete, kitengo cha afya ya akili, ukiwa na nakala ya PF3 na hiyo RB.

Angalia pia mwajiri wako ni nani hasa. Ukiwa unalipwa na kampuni ya ulinzi, taarifa inatolewa na kampuni, si mwenye duka. Huna mkataba wa maandishi? Kusanya kitambulisho cha kazi, ujumbe wa mshahara kwenye simu, daftari la lindo lenye sahihi yako usiku ule. Daftari hilo lipige picha mapema, maana yana tabia ya kupotea.

Kwa wale walioandika kuhusu bosi mkali, matusi na kazi kupita kiasi: madai ya namna hiyo ni magumu zaidi, kwa sababu hakuna siku moja ya kuonyeshea kidole. Yanahitaji kumbukumbu ndefu ya maandishi, na mara nyingi yanafaa kuanzia kwa afisa kazi kuliko kwenye fidia.

Kabla ya ajali niliwahi kutibiwa sonona, na baada ya ajali ndugu walinipeleka kwa mganga miezi minne. Nifiche? (Kasulu)

Usifiche. Sonona ya zamani iko kwenye mafaili ya hospitali na ikiibuka baadaye utaonekana mwongo hata pale uliposema kweli. Mwambie daktari aandike ulivyokuwa kabla: ulikuwa unafanya kazi, hutumii dawa, unalala, kisha ulivyo sasa. Tofauti hiyo ndiyo hoja yako. Ya mganga nayo iseme, itaeleza kwa nini kuna miezi minne mitupu kwenye faili. Ila tazama kalenda: ajali inapaswa kufikishwa kwa mwajiri au Mfuko ndani ya miezi 12, na mganga hakupi karatasi ya kusimamisha muda huo.

Nina ghala la tumbaku na vibarua tisa. Mmoja aliona mwenzake akiangukiwa na marobota, sasa hayupo sawa. Nifanye nini, na nina haki ya kusoma ripoti yake yote? (Mwajiri, Urambo)

Ajali iripoti WCF ndani ya siku saba za kazi tangu upate taarifa. Kwa sasa inafanyika kwa mtandao, ukiwa umesajiliwa. Kama hujasajili, jisajili leo. Mchango wa mwajiri ni asilimia 0.5 ya mishahara, unautoa wewe, haukatwi kibarua hata senti. Kwenye fomu yaandike na majina ya walioshuhudia, si aliyeumia peke yake. Mwajiri anayelitaja jina la shahidi siku ya kwanza anamwokolea mtu huyo mabishano ya mwaka mzima.

Ripoti yote, hapana. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Unachohitaji kujua ni kama anaweza kazi, kazi ipi, na kwa muda gani. Maelezo ya ndoto zake na ya nyumbani kwake yaende kwa Mfuko kwenye bahasha iliyofungwa. Na usimfukuze kwa kuwa "kachanganyikiwa": ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hapo utatakiwa kuonyesha uliwahi kumtafutia kazi nyepesi.

Dai langu la kiwewe limekataliwa. Barua inasema "uhusiano na kazi haujathibitika". Ndiyo basi? (Nzega)

Siyo basi. Unaomba kwanza Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko aupitie upya uamuzi. Usiporidhika unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada yake ipo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Lakini usirudishe karatasi zilezile na barua ya malalamiko. Mrudie daktari ukiwa na barua hiyo mkononi, mwonyeshe mstari wenyewe, umwombe aandike nyongeza inayoujibu huo tu: ulikuwa wapi, uliona nini, dalili zilianza lini, na sababu nyingine alizozichunguza akaziondoa. Jina lako liandikwe sawa na lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Faili moja likiwa na "Hamisi" na jingine "Khamis" hukwama wiki nzima kwa herufi mbili.