Matuta mawili, kona ya kurudi, na oili isiyo na kosa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina bagi (gari dogo la kukimbia udongoni) ya rimoti ya kipimo cha 1/8 ya gari halisi, ya umeme, inavuta magurudumu yote manne, betri ya seli nne. Hapa Arusha mimi na wenzangu tumechonga kiwanja chetu wenyewe, udongo mkavu wenye vumbi. Kuna kipande kimoja kinanishinda. Unatoka kona ya kushoto, unakutana na matuta mawili ya kurukwa kwa mpigo mmoja, pengo la mita tatu hivi, na ukitua tu kuna kona kali ya kulia inayolirudisha gari upande wetu tuliosimama. Mara pua inachimba kwenye tuta la pili, mara gari linapitiliza mpaka kwenye bomba la pembeni. Nimeongeza uzito wa oili ya shokapu mara tatu, mbele na nyuma, na bado. Niongeze tena? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu. Rudisha oili ile iliyoandikwa kwenye kijitabu cha gari, halafu tuanze upya.

Umenieleza makosa mawili yanayopingana: gari linatua kabla ya kuvuka pengo, na gari linapitiliza. Shokapu yenye kasoro mara nyingi hukosea namna moja, raundi baada ya raundi. Gari linalokosea mara hivi mara vile linapokea amri tofauti kila likifika kwenye tuta, na amri hizo zinatoka kwenye kidole chako au kwenye kidhibiti mwendo, kile kifaa kinachopima umeme wa betri unaokwenda kwenye mota. Huko ndiko nataka tuangalie kwanza.

Tupige hesabu kidogo. Tuta likiwa na mwinuko wa nyuzi 30, kuruka mita 3 na kutua kwenye kimo kile kile kunataka mwendo wa karibu kilomita 21 kwa saa. Ongeza asilimia 10 tu, ufike 23, na utatua kwenye mita 3.6. Urefu wa mruko unakua kwa mraba wa mwendo, ndiyo maana kosa dogo la kidole linazaa kosa kubwa ardhini. Hizo sentimita 60 za ziada zinazidi urefu wa bagi yako nzima. Na hewani gari linakaa sekunde 0.6 tu. Mpaka jicho lione na kidole kijibu, theluthi ya muda huo imeshakwenda. Kwa hiyo mruko wako unaamuliwa chini, kabla magurudumu hayajaiacha ardhi.

Mwombe mwenzako aendeshe raundi kumi, wewe simama karibu na tuta la kwanza, pembeni pasipo hatari, usikilize mota. Kisha mbadilishane, yeye asikilize ya kwako. Mimi hili nilifundishwa na rafiki baada ya kumaliza msimu mzima nikibadilisha oili na springi. Alisimama pale dakika tano akaniambia: "Mota yako inanyamaza ukifika ukingoni." Ilikuwa kweli. Macho yakiona pengo, kidole kinaogopa na kuachia triga (kibanio cha mwendo kwenye rimoti) kwenye nusu mita ya mwisho, bila mwenyewe kujua. Raundi inayofuata unakumbuka ulivyochimba, unabana mpaka mwisho, gari linapitiliza. Dawa yake ni kuweka mwendo mapema, pale unapotoka kwenye kona, kisha kuishika triga palepale ilipo, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka magurudumu ya nyuma yaache udongo. Mota inatakiwa iimbe sauti moja kutoka chini ya tuta hadi juu.

Kidole kikikataa kutulia, punguza upeo wa triga kwenye rimoti, mathalani uwe asilimia 70. Seli nne zina nguvu nyingi kuliko kipande hiki kinavyohitaji, na upeo ukipungua, kila milimita ya triga inabeba badiliko dogo zaidi. Kwenye njia iliyonyooka utapoteza mwendo, lakini kwa mazoezi ya wiki mbili ni hasara ninayoikubali.

Sasa kidhibiti mwendo. Vingi vina breki ya kujishika yenyewe, ile inayoingia ukiachia triga bila kugusa breki. Weka gari juu ya stendi yake magurudumu yakiwa huru, zungusha hadi nusu, achia ghafla. Magurudumu yakiendelea kuzunguka taratibu, sawa. Yakikwama kwa mshtuko, breki hiyo imewekwa juu mno, ishushe hadi sifuri au karibu na hapo. Angalia pia kama kitufe kidogo cha kurekebisha katikati ya triga hakijasogea upande wa breki. Nimeshapokea magari zaidi ya moja yaliyoletwa kwa ugonjwa wa kuchimba pua, na kosa lilikuwa hapo tu.

Sababu yake unaweza kuihisi mkononi. Shika gari kwa chesisi, vidole vikiwa mbali na magurudumu, bana triga kidogo kwa ghafla: pua inataka kuinuka. Gusa breki: pua inaanguka. Magurudumu yakiongeza kasi kwenda mbele, mwili wa gari unajibu kwa kuzunguka upande wa nyuma, na yakisimama ghafla, mzunguko wao unahamia kwenye mwili na kuusukuma mbele. Gari linalovuta yote manne linajibu kwa nguvu zaidi, kwa kuwa ni matairi manne yanayofanya kazi hiyo. Basi ukiogopa hewani na kuachia triga huku breki ya kujishika iko juu, wewe mwenyewe ndiye unayeizamisha pua. Pua ikianza kushuka, bana kidogo, mara moja. Ikiwa inaelekea angani, gusa breki kidogo sana na uachie kabla ya kutua. Ukitua umeshika breki, sehemu ya nyuma itaserereka na kona ya kulia utaiingia kinyumenyume. Tua ukiwa umebana triga kidogo, magurudumu yazunguke kwa kasi inayokaribiana na ya ardhi.

Kuna kitu nakipenda sana kwenye mazoezi ya aina hii: majivu. Nyunyiza majivu ya mkaa, safu nyembamba, kwenye mteremko wa tuta la pili. Baada ya kila mruko nenda ukasome. Alama mbili za mbele peke yake, zenye kina, ni pua imechimba. Alama nne karibu kwa pamoja, au za nyuma zikitangulia kidogo, ndizo unazozitaka, tena ziwe kwenye mteremko wenyewe, si mbele yake kwenye tambarare. Alama za upande mmoja zina maana uliruka usukani ukiwa umekunjwa. Ufute, unyunyize tena.

Hilo la usukani linatuleta kwenye kona ya kushoto. Ukitoka kwa kuachia gari litanuke hadi ukingo wa kulia, unafika kwenye tuta bado unageuza, na ukitua uko ndani ya kona ya kulia, mahali pabaya kabisa pa kuanzia. Kumbuka hesabu yetu: unahitaji kilomita 21 kwa saa, basi. Hakuna faida ya kutoka kwenye kona kwa kasi kubwa. Chelewa kugeuza, toka umebana kushoto, nyoosha usukani kabla ya kupanda. Utatua kushoto, kona yote ya kulia ikiwa wazi mbele yako, na una nafasi ya kupiga breki katika mstari ulionyooka kabla ya kukata.

Baada ya hapo gari linakugeukia, na kulia kwake kunakuwa kushoto kwako. Wengi huambiwa wajione wamekaa ndani ya gari. Mimi natumia kanuni moja: likija kwako na kuanza kukimbilia upande fulani unavyouona wewe, zungusha usukani kuelekea upande huo huo. Linakwenda kushoto kwako, zungusha kushoto, litarudi. Weka chupa mbili za maji zimeachana mita nne, piga namba nane polepole mpaka betri iishe, kila siku, mpaka mkono ufanye bila kuuliza.

Oili naigusa kwa ufupi. Bagi nyingi za 1/8 huanzia kati ya 400 na 600 kwa kipimo cha cSt (sentistoksi, unaopima uzito wa oili), na angalia chupa zako, maana 40 ya kipimo kingine, kile kinachoandikwa wt, inakaribiana na 500 ya cSt. Kuna watu wamechanganya namba hizo mbili ndani ya gari moja. Kwenye kiwanja kikavu kama chenu, oili nzito mno inalifanya gari lidunde juu ya vijishimo badala ya kuvifuata, mshiko unapotea, na huwezi kufika kwenye tuta na mwendo ule ule mara mbili. Ikiwa baadaye utaona chesisi inapiga chini kila ukitua, huku kwenye vijishimo gari limetulia, badilisha pistoni ya ndani ya shokapu uweke yenye matundu madogo. Matundu madogo yanaibana oili shokapu inapogandamizwa kwa kasi, kama kwenye kutua, na kuiacha ipite kwenye mwendo wa taratibu.

Na mwagieni maji njia ya kupandia tuta kabla ya kuanza, mfagie na vumbi lililolegea. Magurudumu yakiteleza pale, kazi yote ya kidole inapotea.

Fanya miruko 20, uhesabu ni mingapi imetua kwenye majivu kwa matairi yote manne. Ukifika 16, niandikie tena, unitajie na namba ya oili uliyonayo sasa. Hapo tutazungumza shokapu.