Ukakasi wa mabibo katika kokteli chungu

Ndugu yangu wa Mikindani, umeuliza kwa nini kokteli yako ya Campari (kileo chekundu cha Kiitalia chenye uchungu wa mitishamba), jini (gin) na juisi ya mabibo huwakunjisha wageni uso, ilhali kila kimoja peke yake kinanyweka. Kwa maoni yangu, kosa si la Campari bali ni la ukakasi wa bibo, ambao ukikutana na uchungu wa mitishamba hukausha ulimi, na sukari haiuondoi. Wahindi huitibu juisi hiyo kwa uji mwepesi wa mchele: uchanganye kidogo ukiwa umepoa, subiri mashapo yazame, kisha chuja kwa kitambaa safi. Usiige vipimo vya Negroni, kokteli ya jini, Campari na vermuti (divai tamu ya mitishamba), mililita 30 za kila kimoja, kwani humo vermuti nayo huongeza utamu. Anza na jini mililita 30, Campari 20, juisi 45 na ndimu 10, pamoja na punje chache za chumvi, ambayo hupunguza uchungu kuliko watu wanavyodhani. Tikisa na barafu nyingi. Ile Fernet-Branca uliyonunua, kileo kingine kichungu cha Kiitalia, ina kilevi cha asilimia 39 na harufu kali ya mnanaa, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai kinatosha.