Shangazi wa Mikindani: Tukalale kisiwani, au pesa tununulie bati?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka minne na tisa, tunaishi Chikongola, Mtwara Mjini. Kwetu ni Newala, bahari nimeijua ukubwani na kuogelea sijui. Mume wangu na wenzake watatu wa kazini wamepanga mwisho wa Desemba familia zote nne, jumla watu kumi na sita, twende tukapige kambi kwenye kisiwa kisicho na watu huko Ghuba ya Mnazi, tulale siku tatu. Wameona picha za mahema kwenye mchanga mweupe, sasa hawashikiki. Mchango wetu ni karibu nusu ya pesa ya korosho tuliyoweka kumalizia bati za nyumba. Nikiuliza maji na choo naambiwa naleta ushamba. Je, safari hii ina maana, au nikaze?
Mama Wawili, Chikongola

JIBU: Marahaba mwanangu. Aliyekuambia kuuliza maji na choo ni ushamba, huyo hajawahi kulala kisiwani. Waulize wavuvi wanaokwenda dago, wanaohama na nyavu zao wakakaa visiwani mpaka samaki wapungue. Kitu cha kwanza kupakiwa chomboni ni nini? Maji. Nyavu zinafuata. Marehemu baba alikuwa akigonga kila dumu kwa kidole kabla halijapanda, na likilia tupu, chombo hakitoki.

Basi tuyahesabu hayo maji, maana hapo ndipo safari yenu inapovunjika, wala si kwenye bati. Visiwa vile vidogo vya ghuba, kama Namponda na Membelwa, havina bomba. Ardhi yake ni ya matumbawe na mchanga, na ukichimba unachopata ni maji ya chumvichumvi. Mtu mmoja kwenye jua la Desemba anataka lita nne za kunywa, na nyingine nne za kupikia, kunawa na kusuuza vyombo, hapo hajaoga. Watu kumi na sita ni lita 128 kwa siku. Siku tatu ni lita 384, yaani madumu ishirini ya lita ishirini. Hizo ni kilo mia nne za maji peke yake, kabla hujapakia mtu, hema, mkaa, mchele na ndoo ya mtoto. Mwambie mume wako akamwonyeshe nahodha hesabu hiyo, amwangalie usoni. Nahodha akisema "haina shida, tutabanana", tafuteni mwingine.

Na madumu yenyewe yawe yenu, mliyoyaosha ninyi. Nilipokuwa msichana nilifuatana na mjomba dago kuwapikia mabaharia. Kijana mmoja akajaza maji kwenye dumu lililokuwa la petroli, kalisuuza mara moja akaona limetakata. Chai ya asubuhi ikatoka na utando wa rangi rangi juu, kama mkia wa tausi. Tuliimwaga. Mchana kutwa tukawa tunagawana madafu, na mabaharia wazima wakanuniana kama watoto.

Sasa wakati. Mwisho wa Desemba ni likizo na pesa ya mnada wa korosho imeshaingia, ndiyo maana kila mtu anataka kutoka. Lakini huku kusini huo ndio wakati mvua inaposhika, joto linabana, na kaskazi imeanza kuvuma. Hema linalouzwa madukani kwetu mara nyingi ni la kuzuia umande, halijui mvua ya Mtwara. Kuna watakaowaambia mngoje Pasaka. Hapana. Aprili na Mei ndiyo miezi ya kuogopa zaidi. Aprili 2019 watu wa mabondeni Mtwara waliambiwa wahame kwa sababu ya kimbunga Kenneth, bahati yetu kikatua ng'ambo, kaskazini mwa Msumbiji. Mei 2024 Hidaya haikutuacha, mafuriko yake yakakata barabara ya Lindi na Dar pale Somanga. Wazee wa Lindi wao bado wanakisimulia kimbunga cha 1952. Juni mpaka Agosti mvua hakuna, ila kusi inapiga, na abiria asiyezoea atatapika njia nzima. Wakati wenyewe ni matlai: mwisho wa Septemba, Oktoba, na Novemba ya mwanzo. Bahari imetulia, maji meupe unaona chini, usiku hakuna joto la kukosesha usingizi.

Ndani ya mwezi huo huo, kuna siku za kwenda na siku za kubaki nyumbani. Chukua kalenda ya Kiislamu uliyonayo ukutani, kama huna azima kwa jirani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua, maji yanakupwa mbali sana na kujaa juu sana. Wakati wa bamvua pwani yetu hii maji hujaa karibu na saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri. Iangalie hiyo ya alfajiri. Ndio muda watoto wamelala fofofo, na aliyeweka hema karibu na maji kwa ajili ya picha anaamshwa na godoro linaloelea. Na yakipwa saa nne asubuhi, boti inakaa juu ya mwamba, hamtoki mpaka yarudi, hata kama mtoto ana homa.

Kwa hiyo nendeni maji mafu, tarehe saba mpaka kumi za mwezi wa Kiislamu. Maji hayapandi sana wala hayashuki sana, boti inaingia na kutoka kwa urahisi, na mnapata mwezi nusu wa kuwaangazia mpaka karibu na usiku wa manane. Hema mkiliweka, tafuteni ule mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua lililopita, mpande juu yake hatua nyingi. Msiweke chini ya mnazi hata kivuli kiwe kizuri namna gani, nazi haina adabu. Vigingi vya hema havishiki kwenye mchanga. Chukueni viroba, mjaze mchanga, mfunge kamba, mfukie.

Choo, kwa kuwa umeuliza na ni haki yako: shimo la kina cha mkono, mbali na maji na mbali na mahema, upande upepo unakoelekea, mchanga wa kufukia pembeni, na khanga mbili juu ya fito ziwe ukuta. Mwanamke aliye kwenye siku zake abebe mfuko wake wa kurudishia taka bara. Wanaume hawatalipanga hilo, wanakwenda nyuma ya kichaka wanamaliza. Ninyi wanawake wanne mkae mlipange kabla.

Watoto sasa. Wa miaka tisa anaweza, akivaa jaketi okozi tangu pwani mpaka pwani, si la kukalia. Wa miaka minne mwache kwa bibi Newala safari ya kwanza. Si kwa ajili ya kuzama tu. Mtwara na Lindi malaria tunaijua, na visiwani kuna usubi mdogo usiouona, unapita hata kwenye matundu ya chandarua cha kawaida. Mtoto akichemka saa nane usiku, kisiwani huna bodaboda. Wewe mwenyewe usiyejua kuogelea, jaketi lako ulijaribu nyumbani, uone mikanda inafunga. Mkishuka majini vaeni yeboyebo au raba, na mtembee mkiburuza miguu, samaki taa hujifukia mchangani na mwiba wake ukikuingia utamjua. Ukichomwa, mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kisha hospitali.

Kuna la ruhusa pia. Eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000. Mgeni analipa kiingilio, anaeleza anakwenda wapi na kurudi lini. Wengine wanakwepa kwa kuona ni pesa ya bure. Mimi nawaambia ni afadhali kuliko kutojulikana mko wapi. Mpaka wa Msumbiji uko pale pale, vurugu za Cabo Delgado, jimbo lao la kaskazini, zilianza 2017 na Oktoba 2020 zikavuka mto mpaka kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu. Moto unaowaka usiku kwenye kisiwa kitupu lazima utaulizwa. Mjulisheni mwenyekiti wa kijiji mtakachoondokea, na hifadhi, na mtu mmoja wa nyumbani mwenye namba ya nahodha. Mikoko msikate kuni, bebeni mkaa. Mkiona kasa amepanda kutaga, zimeni tochi zote, kaeni kimya, mwacheni. Na atakayependekeza kumla, mkumbusheni kisiwa cha Pemba, watu wamekufa kwa nyama ya kasa zaidi ya mara moja.

Sasa swali lako lenyewe, kukaza au kulegeza. Safari kama walivyoipanga, kaza. Lakini usiikatae yote, maana mume wako hajakosea kutamani. Huyu mtu anaiona bahari kila siku pale Feri kama mahali pa kununulia samaki, anataka kuiona kwa namna nyingine. Hilo si jambo dogo kwa mfanyakazi wa mjini. Nami nakwambia kweli, usiku kisiwani una vyake. Changu aliyetoka majini muda ule ule, chumvi yake mwenyewe, ming'oko, mizizi yetu ya porini, ya kuchemsha pembeni, hakuna spika ya jirani. Usiku ukiingiza mkono majini yanamemeta, mwanao wa miaka tisa hatalala kwa kuyachezea. Kaa wa pwani nao watakwaruza hema mpaka alfajiri, hao mzoee, hawadhuru, ila chakula kifunikwe.

Mpe mume wako hesabu nyingine. Desemba hii nendeni Msimbati, kilomita arobaini na kitu kutoka mjini, barabara inafika. Hema liwekeni pale, karibu na kijiji, maji mnanunua, duka lipo, mvua ikizidi mnaingia garini. Mkilala pale usiku mmoja mtajua hema linavuja au halivuji, nani anakoroma, na nani kati ya hao rafiki zake watatu anasaidia kuosha sufuria. Asubuhi ikiwa shwari mnakodi boti, mnashinda kisiwani, jioni mnarudi bara kulala. Gharama ni ndogo kwa sababu boti inawangojea. Kulala kule maana yake ni safari mbili za boti, iwapeleke irudi tupu, kisha ije tupu iwachukue, na mashine ya HP 15 ikikimbizwa inakunywa lita tano mpaka saba za petroli kwa saa. Hiyo ndiyo inayomeza bati zako, si hema.

Mkiipenda, Oktoba ijayo nendeni wawili wawili, wanandoa wa familia mbili tu, usiku mmoja, maji mafu. Watu wanne kwa siku mbili ni madumu manne. Nahodha mlipeni nusu mkiondoka, na nusu akiwarudisha, hata akiwa shemeji yenu. Hasa akiwa shemeji yenu.

Uraka na nipa, pombe zetu za mabibo, vibaki bara. Sisemi kwa dini.

SWALI: Shangazi shikamoo, mimi ni kijana wa Mtanda, Lindi. Nataka kwenda peke yangu na hema Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, nilale kwenye magofu siku mbili nipige picha. Inafaa?
Kijana wa Mtanda

JIBU: Marahaba. Kwenda inafaa sana, kulala kwenye magofu haifai. Magofu yale yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 mpaka 2014 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuta za matumbawe na chokaa haziegemewi kamba za hema wala haziwashiwi moto pembeni, moshi unakaa. Tena Kisiwani si kitupu, kuna kijiji, watu wanalala pale na wana wazee wao. Ukitua bila kupiga hodi ni kama umeingia uani kwa mtu.

Panda gari, shuka njia panda ya Nangurukuru, ingia mji wa Kilwa Masoko. Chukua kibali pale Masoko kabla ya kushuka gatini, na mwongozaji wa mambo ya kale. Peke yako utapita Husuni Kubwa, kasri la sultani, ukidhani ni mawe tu. Kisiwani ni karibu, dau linavuka muda mfupi. Anza Msikiti Mkuu asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, mwanga unaingia kwenye nguzo kwa pembeni na picha zako zitatoka. Ibn Battuta alipita mji huo mwaka 1331, nawe hutakuwa wa kwanza kuusifu.

Songo Mnara ni mbali zaidi na inataka siku yake. Maji yakiwa yamepwa utashuka mbali na kuvuka tope la mikoko kwa miguu, kamera iwe kichwani. Muulize nahodha saa ya kujaa kabla hujalipa, upange kufika yakiwa juu. Kulala, lala Masoko, gesti zipo. Ukitaka hema lazima, omba kwa mwenyekiti wa kijiji Kisiwani akuonyeshe uwanja, na uende na kilo ya sukari mkononi.