Tairi Zimekata Shamba: Maswali ya Wakulima

*Bwana shamba, shikamoo. Trekta la kukodi lilichelewa, likaja kulima mvua zikiwa zimeshakolea. Lilinasa mara mbili na limeacha mitaro yenye kina cha shubiri nzima. Dereva anasema arudi kesho apige haro asawazishe. Nimruhusu? – Msomaji, Babati*

Marahaba. Usimruhusu kesho, wala kesho kutwa. Najua msimu unakukimbia na moyo unakuuma ukilitazama shamba, lakini ukiingiza trekta kwenye tope kurekebisha kilichoharibiwa na tope, utaongeza mitaro mingine.

Kabla ya yote, chukua jembe uchimbe shimo linalokata mtaro mmoja kwa upana, lifike kina cha goti. Chuchumaa utazame ukuta wa shimo. Pembeni, ambako tairi halikupita, udongo unamomonyoka kwa chembechembe ukiugusa. Chini ya mtaro utaona unatoka kwa mabamba, kama chapati zilizopangwa, na pale meno ya tairi yalipobonyea unang'aa. Maji yakiwa yametuama siku nyingi, utakuta rangi ya kijivu na harufu ya kinamasi. Nimechimba mashimo ya namna hii baada ya mahindi kuota: mizizi inashuka vizuri, ikifika kwenye bamba inakunja kiwiko na kutambaa pembeni kana kwamba imekuta sakafu ya saruji. Mahindi hayo ndiyo yanayokuwa ya njano mvua ikizidi na kunyauka jua likiwaka siku tano.

Kwa hiyo anza na maji. Toboa kingo za mtaro kwa jembe la mkono upande wa bondeni ili yaliyotuama yatoke. Ila kama mtaro umefuata mteremko, usiyaachie yateremke nao, maana mvua mbili tatu kubwa zitaufanya korongo. Weka vizuizi vya udongo na majani kila baada ya hatua chache, halafu uyatoe maji pembeni kwenye nyasi.

Subiri udongo ukauke. Ukishakauka, legeza kwanza sakafu ya mtaro kwa ripa, lile jembe la jino refu linalopasua udongo bila kuugeuza, kisha ndipo urudishe zile kingo zilizoinuka. Wengi hufukia bila kulegeza, shamba likapendeza kwa macho, lakini maji yanabaki yamekaa juu ya lile bamba. Haro ipite kwa mshazari, isifuate mtaro, la sivyo tairi zitadumbukia mlemle. Acha udongo uinuke kidogo kuliko shamba kwa sababu utashuka. Na kama ni mitaro michache karibu na lango, tafuta vibarua wawili wenye majembe. Ni nafuu kuliko trekta na hawakanyagi shamba.

*Nitajuaje kwamba udongo umekauka vya kutosha? Juu naona vumbi kabisa. – Msomaji, Mbozi*

Juu ndiko kunakodanganya. Chimbua udongo wa kina kile ambacho chuma chako kitafika, si wa juu. Usokote kati ya viganja utengeneze uzi mwembamba kama njiti ya kibiriti. Ukisokoteka bila kukatika, bado una maji mengi, na chuma kitaupaka na kuulainisha kama mfinyanzi anavyolainisha chungu. Ukivunjikavunjika kabla ya kuwa uzi, ingia. Pima sehemu kadhaa, hasa mabondeni, maana shamba moja halikauki lote kwa siku moja.

*Mashine ya kuvuna imechimba majaruba yangu ya mpunga. Jirani anasema nipasue chini kwa ripa. – Msomaji, Ifakara*

Hapana, ndugu yangu, usipasue. Ushauri wa jirani unafaa shamba la mahindi. Jaruba la mpunga linahitaji ile sakafu ngumu iliyo chini ya tope, kwa sababu ndiyo inayozuia maji yasizame. Ukiitoboa, utamwaga maji jarubani mchana na usiku bila kujaa.

Acha jaruba likauke, legeza kingo na udongo wa juu tu, uzisukumie kingo kwenye mitaro. Ukiingiza maji na kuvuruga tope kabla ya kupandikiza, maji yenyewe yatakuonyesha wapi pamebonyea na wapi pameinuka. Hapo buruta ubao usawazishe. Msimu ujao funga maji mapema kabla ya kuvuna, na mwambie mwenye mashine asisubiri tangi lijae nafaka ndipo amwage.

*Ripa ishuke kiasi gani? – Msomaji, Kitale*

Sentimita chache tu chini ya bamba, basi. Shimo lako limeshakuonyesha bamba lilipo, usikisie. Kwenda chini zaidi ni kuchoma dizeli bure. Udongo mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi hujitibu kiasi fulani kwa kuvimba na kusinyaa, lakini mwekundu na wa kichanga usiutegemee hivyo. Baada ya ripa panda kitu chenye mzizi mrefu, kama mbaazi au marejea, mzizi ushikilie njia iliyofunguliwa.

*Trekta likinasa, vijana hufunga gogo kwenye tairi za nyuma lipande. Ni sawa? – Msomaji, Mbarali*

Wakatazeni leo hii. Gogo likizuia tairi lisizunguke huku injini inasukuma, trekta lenyewe ndilo linalozunguka: pua inainuka na linamwangukia dereva kinyumenyume. Haichukui hata sekunde mbili. Hana muda wa kukanyaga klachi. Ni hatari ileile mnapofunga mnyororo juu, kwenye mkono wa tatu wa kubebea jembe, badala ya kwenye ndoano ya chini ya kuvutia. Tairi zikianza kuzunguka bure, zima. Fungua jembe au tela, chimba mbele ya magurudumu, kisha livutwe na trekta jingine lililosimama pakavu, watu wote wakiwa mbali na mnyororo. Ukikatika, unaua.

*Kupunguza upepo wa tairi kunasaidia? – Msomaji, Karatu*

Kunasaidia udongo wa juu, kwa sababu tairi hulala na kugawa uzito kwenye eneo kubwa. Fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi, usishuke chini yake, na uongeze tena kabla ya kupanda barabarani. Huko chini kabisa kinachoumiza ni uzito wenyewe, kwa hiyo tela lijae nusu kukiwa na unyevu. Kisha chagua njia moja ya kupitia na uishikilie, maana madhara makubwa hutokea mara ya kwanza tairi linapopita. Dereva anayetafuta njia mpya kila safari anaharibu shamba zima.