Maswali Yenu: Saa Moja ya Sauti ni Saa Ngapi za Kazi?

Nasikia ofisi za serikali za Mtumba, hapa Dodoma, zinatoa kazi kwa watu wa nje, na wengine wanasema kuna kazi huria. Je, si kibarua kilekile? – Msomaji, Nkuhungu

Zinatofautiana, ndugu msomaji. Ofisi ikiacha kuajiri wafagizi wake na kuipa kampuni usafi kwa mkataba, imetoa kazi nje. Mfagizi ni mwajiriwa wa kampuni, na kampuni ndiyo inayomlipa mshahara na kumpelekea michango NSSF. Ofisi hiyohiyo ikikupa wewe bango la kusanifu kwa shilingi 300,000, hapo unafanya kazi huria: kompyuta yako, bando lako, na ukiugua hakuna wa kukulipa. Kibarua anauza siku yake. Wewe unauza kazi iliyokamilika, iwe imekuchukua siku mbili au sita.

Kama mna kikundi na mnataka hizo za mikataba, zabuni za serikali hupita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, na asilimia 30 ya manunuzi hutengewa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Mtafiti ameniletea mahojiano 10 yaliyorekodiwa, kila moja kama saa moja, niyaandike neno kwa neno. Nimtoze kwa siku au kwa ukurasa? – Mhitimu, Ng'ong'ona

Mtoze kwa dakika ya sauti. Kwa siku atakuona mzembe. Kwa ukurasa mtabishana ukubwa wa herufi.

Kabla ya kutaja bei, omba rekodi moja, chukua dakika 5 za katikati (mwanzoni watu huongea taratibu) na uziandike huku ukitazama saa. Tuseme zimekula dakika 25. Basi saa moja ya sauti ni saa 5 za kazi, na mahojiano 10 ni saa 50. Ongeza kusikiliza upya na kusahihisha, saa moja na nusu kwa kila rekodi: saa 15. Jumla saa 65. Ukitaka shilingi 4,000 kwa saa, ni 260,000. Weka bando la 10,000, ni 270,000. Gawanya kwa dakika 600: shilingi 450 kwa dakika.

Hesabu hiyo huharibiwa na mambo yanayojulikana. Rekodi ya uwanjani yenye upepo wetu wa Dodoma ukivuma kwenye kinasa, kikundi cha watu wanane wanaoongea pamoja, au bibi anayeanza Kiswahili na kumalizia Kigogo, huweza kuongeza muda maradufu. Halafu "kama saa moja" hugeuka dakika 90. Kwa hiyo andika, hata kwa ujumbe wa WhatsApp: dakika ngapi, bei kwa dakika, rekodi ngumu zina bei gani, "eee" na "yaani" zinabaki au zinatolewa, marekebisho mara ngapi, siku ya kukabidhi. Pokea asilimia 40 kabla ya kuanza, kisha kabidhi mahojiano mawili ya kwanza ayakague. Kama hakutaka mtindo huo, utakuwa umepoteza mawili tu.

Na tafadhali, sauti hizo ni siri za watu waliomwamini mtafiti. Usizisikilize kwa spika kwenye chumba cha watu wengi, na uzifute kazi ikishapokelewa.

Kazi zikinizidi huwagawia wenzangu. Mmoja kavuruga, mteja kanigeuka mimi. Ni haki? – Dada wa Area C

Ni haki, dada yetu. Mteja anakujua wewe. Mwombe ruhusa kwanza, hasa penye siri. Mwenzako mpe jaribio la dakika 5, na mwekee tarehe ya siku tatu kabla ya ile ya mteja. Kwa kazi tuliyoihesabu hapo juu, ukimlipa 300 kwa dakika, 150 inayobaki ni ya ukaguzi wako na hatari unayoibeba. Ukimlipa 420 utakuwa unakagua bure, na mtu anayekagua bure huruka kurasa.

Mtandaoni wametaka nilipe ada ya usajili ndipo nipewe kazi. – Kijana, Kikuyu

Usilipe, mdogo wetu. Mteja halisi hakutozi ili akupe kazi. Fiverr, tovuti ya kuuza kazi huria, hukata asilimia 20 baada ya kazi: ya dola 50 inakuachia 40, na muuzaji mpya husubiri siku 14 ndipo azitoe. Upwork, tovuti nyingine kama hiyo, kwa kazi ya bei moja mliyokubaliana, usianze mpaka uone mteja ameweka kwenye tovuti fedha za hatua unayoanza. Akikuvuta mlipane nje ya tovuti, ulinzi huo umeupoteza. Jina la akaunti ya malipo lilingane na la kitambulisho chako cha NIDA, la sivyo fedha hukwama.

Ofisi imenilipa 285,000 badala ya 300,000. – Msanifu, Ipagala

Wamekata asilimia 5, kodi ya zuio kwenye huduma. Dai cheti chake. Utakapowasilisha ritani (taarifa ya mapato yako) TRA, mamlaka ya mapato, kwa TIN yako, yaani namba ya mlipa kodi, ambayo hutolewa bure, hiyo 15,000 inapunguzwa kwenye kodi unayodaiwa. Bila cheti itakuwa vigumu kuthibitisha kuwa ilishakatwa.