Kabla hujaiamini simulesheni ya myuoni

Wanafunzi wanaoanza kazi ya vigunduzi vya myuoni (chembe ndogo inayofanana na elektroni ila nzito zaidi) huniletea grafu moja: nukta za data zimekaa sawasawa juu ya mstari wa simulesheni, yaani uigaji wa kigunduzi kwa kompyuta, wakitaka niwaambie kazi imekwisha. Huwaambia bado. Grafu hiyo huonyesha wastani wa kigunduzi kizima, na wastani unaweza kuficha chemba nzima (kipande kimoja cha kunasia myuoni) iliyokufa.

Ushauri wangu wa kwanza: kabla ya kugusa fizikia yenyewe, kagua jometri, yaani kila kipande cha kigunduzi kiko wapi na kina unene gani. Myuoni ina uzito wa mara 207 hivi ya elektroni, na hupenya pale chembe nyingi zinapokomea. Ndiyo maana katika CMS, kigunduzi kikubwa cha maabara ya fizikia ya chembe ya CERN, chemba za myuoni zimepangwa nje kabisa, kati ya matabaka ya chuma. Lakini kila mita ya chuma huinyang'anya myuoni zaidi ya 1 GeV (kipimo cha nishati ya chembe, kinachotumika pia kwa masi) na kuiyumbisha njiani. Ukikosea unene kidogo tu, myuoni za nishati ndogo hazitafika zinakotakiwa kufika. Geant4, programu ya kuigia chembe zinavyopita katika vitu, ina geantino, chembe ya kubuni isiyogusana na chochote. Zirushe kila upande, jumlisha unene zilioupita, chora ramani kwa kila pembe, kisha ilinganishe na michoro ya wahandisi. Mwanya wa nyaya ukitokea kwenye ramani kana kwamba umejaa chuma, tatizo umelipata, na hujatumia hata tukio moja la data.

Kisha tumia myuoni za anga. Usawa wa bahari hupita kama moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, bure kabisa. Ila CMS iko kama mita 100 chini ya ardhi, na nyingi hupenyea kwenye mashimo ya kushushia vifaa. Simulesheni isiyokuwa na mashimo hayo haitalingana na data kamwe.

Migongano ya chembe ndani ya kigunduzi ikianza, tegemea bosoni ya Z, chembe nzito yenye masi ya 91.2 GeV, inapovunjika kuwa myuoni mbili. Moja itambue kikamilifu; ya pili ipate kwa alama ya njia yake katika sehemu ya ndani ya kigunduzi peke yake, halafu uulize kama chemba za nje ziliiona. Fanya hivyo chemba kwa chemba. Kwa nishati ndogo, J/psi, chembe nyepesi zaidi ya 3.1 GeV ambayo nayo huvunjika kuwa myuoni mbili, inafaa zaidi.

Na hili nalishikilia kuliko yote: data ulizotumia kurekebisha simulesheni usizitumie tena kuithibitisha. Zitenge mapema, kabla hujachora chochote. Kuna mtu atakayepima chembe ya Higgs ikivunjika kuwa myuoni mbili akitegemea namba zako, naye hatakuwa na njia ya kujua ulizipataje.